Kipi badala ya jela? Ulinganisho wa adhabu za nje katika kaunti za Marekani

Nchini Marekani sheria ya jinai kwa sehemu kubwa hutungwa na jimbo, lakini inayoitekeleza kila siku ni kaunti. Mara nyingi mwendesha mashtaka na sherifu anayesimamia jela huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti, na katika majimbo kadhaa maafisa wa uangalizi (probesheni), yaani wanaomfuatilia mkosaji anayetumikia adhabu akiwa nje, pia ni watumishi wa kaunti. Magereza ya vifungo virefu ni mali ya jimbo. Kwa mgawanyo huo, kaunti inayompeleka mkosaji katika gereza la jimbo hailipi gharama ya kifungo chake, ilhali kaunti inayombakiza nyumbani hubeba mshahara wa afisa wa kumfuatilia, gharama za kumtibu, na lawama zote iwapo atafanya kosa jingine.

California ilijaribu kuirekebisha hali hiyo mwaka 1965 kwa kuzilipa kaunti hadi dola 4,000 kwa kila mtu ambaye hakupelekwa katika taasisi za jimbo. Minnesota ilitunga sheria yake ya kuzipa kaunti fedha za adhabu za nje mwaka 1973, Oregon mwaka 1977 na Kansas mwaka 1978. California ililirudia jambo hilo kwa nguvu zaidi mwaka 2009, ilipoahidi kuzigawia kaunti sehemu ya akiba itakayopatikana ikiwa watu wachache zaidi walio chini ya uangalizi watarudishwa magerezani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono amri ya kupunguza msongamano wa magereza ya California hadi asilimia 137.5 ya uwezo wake, na kuanzia Oktoba 1 ya mwaka huo jimbo hilo lilizikabidhi kaunti zake 58 wakosaji wengi wa makosa yasiyo ya ukatili. Baadhi ya kaunti zilizitumia fedha zilizopewa kuongeza vitanda vya jela, nyingine zikaanzisha programu za nje. Sheria ilikuwa moja, na wakosaji walifanana, lakini alichokipata mkosaji kilitegemea upande upi wa mpaka wa kaunti alipokamatwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 watu wapatao milioni 3.7 walikuwa wakitumikia uangalizi nje nchini humo, karibu mara mbili ya idadi ya waliokuwa ndani ya magereza na jela. Kuhusu swali kubwa la kama kufunga kunazuia kosa la pili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 116, ulionyesha kwamba waliofungwa hawakurudia makosa kwa kiwango kidogo kuliko walioadhibiwa nje, na kwamba kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ndogo, na waliofungwa ndio waliorudia makosa zaidi. Hoja ya kuwaacha nje watu wasio hatari ina mashiko, basi. Lililobaki ni kuchagua programu, na hapo ndipo kaunti nyingi hukosea, kwa kuwa huchagua kwa kutazama jina la programu na asilimia ya waliofuzu, badala ya kutazama ni nani anayeingizwa na nini humpata anapoteleza.

Makala hii inalinganisha aina tano za programu hizo kwa manufaa ya wale wanaoketi katika vikao vya kuamua fedha ziende wapi, na pia ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani ambao ndugu yao ameletewa karatasi mezani na kuambiwa achague.

Vipimo vya kutumia

Programu ikitangaza kwamba ni wachache tu kati ya waliomaliza ndio waliokamatwa tena, msomaji aulize papo hapo ni wangapi walioanza. Wanaoweza kumaliza programu ngumu mara nyingi ni wale waliokuwa na kazi tangu mwanzo, na ndugu wa kuwasimamia na nia ya kubadilika, na huenda wangefanikiwa hata bila programu hiyo. Ulinganisho wa haki huwahesabu wote walioandikishwa, waliofuzu na waliofukuzwa, kisha huwapima na watu wanaofanana nao ambao hawakuandikishwa. Ulio bora kabisa ni ule ambao mahakama imekubali kuwagawa watu kwa kura, ili tofauti itakayoonekana baadaye isiweze kuelezwa na tabia za waliochaguliwa. Tena, kurudia kosa hupimwa kwa njia tatu, yaani kukamatwa, kutiwa hatiani na kurudishwa gerezani, na programu ileile inaweza kuonekana njema kwa kipimo kimoja na mbaya kwa kingine, hasa ikiwa maafisa wake hurudisha watu gerezani kwa kukosa miadi tu.

Mtu yule angefanywa nini kama programu isingekuwepo? Swali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo huulizwa mara chache zaidi. Ikiwa angefungwa miezi sita, programu imempunguzia yeye na kaunti mzigo. Ikiwa angetozwa faini na kwenda zake, programu imemwongezea masharti, ada na maafisa wa kumchunguza, na imefungua njia mpya ya kumfikisha jela kwa kukiuka sharti ambalo awali halikuwepo. Programu ya namna hiyo haipunguzi wafungwa hata mmoja, ijapokuwa kwenye vitabu vya kaunti huhesabiwa kuwa mbadala wa jela.

Huduma kwa jamii

Kumhukumu mkosaji afanye kazi za umma bila malipo kulianza kwa utaratibu rasmi katika Kaunti ya Alameda, California, mwaka 1966, hasa kwa wanawake maskini waliovunja sheria za barabarani na kushindwa kulipa faini. Uingereza iliiweka katika sheria mwaka 1972, Zimbabwe ikaianza mwaka 1992 kwa mafanikio yaliyovutia nchi nyingi za Afrika, Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002.

Kwa upande wa Marekani, jaribio lenye funzo kubwa zaidi ni lile la taasisi ya Vera, inayoshughulikia masuala ya haki jinai, jijini New York, lililoanza Bronx mwaka 1979 na kuenea Brooklyn na Manhattan, sehemu ambazo kila moja ni kaunti kisheria. Mkosaji wa wizi mdogomdogo aliyezoea kuingia na kutoka jela alihukumiwa saa 70 za kazi, na aliyekwepa alifuatwa na kurudishwa mahakamani. Tathmini iliyofuata ilionyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba waliofanya kazi hizo walikamatwa tena kwa kiwango kilekile cha wenzao waliofungwa kwa muda mfupi, maana yake jela haikuleta usalama wowote ambao saa 70 za kusafisha bustani na kupaka rangi majengo hazikuuleta. La pili ni kwamba programu ile iliwatoa jela watu kwa viwango tofauti kabisa. Manhattan na Brooklyn, nusu au zaidi ya walioingizwa wangefungwa, ilhali Bronx ilikuwa sehemu ndogo tu, kwa kuwa waendesha mashtaka wa huko waliwaleta zaidi watu ambao kwa kawaida wangeachiliwa.

Kwa maoni yangu huduma kwa jamii ndiyo adhabu inayostahili kufikiriwa kwanza kwa makosa madogo. Ni nafuu na ina mwisho unaojulikana, na mkosaji huondoka akiwa amelipa deni lake mbele ya macho ya watu. Udhaifu wake ni kwamba haimtibu mlevi wala haimpi kazi asiye na kazi, na haikukusudiwa kufanya hivyo.

Uangalizi mkali

Katika miaka ya 1980 wazo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kuwaweka wakosaji chini ya maafisa wenye mafaili machache, wawatembelee mara kwa mara, hata usiku, na kuwapima mkojo bila taarifa. Georgia ilianza mwaka 1982 ikiwa na maafisa wawili kwa kila wakosaji 25, na majimbo mengine yakaiga. Serikali ya shirikisho ilipofadhili tathmini kubwa, taasisi ya utafiti ya RAND iliongoza majaribio katika programu 14 za majimbo 9, zikiwemo za kaunti za Contra Costa, Ventura na Los Angeles huko California, na wakosaji wakagawanywa kwa kura. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1993, hayakumpendeza yeyote. Katika mwaka mmoja asilimia 37 ya waliokuwa chini ya uangalizi mkali walikamatwa kwa kosa jipya, wakati kwa wenzao wa uangalizi wa kawaida ilikuwa asilimia 33. Walioripotiwa kukiuka masharti walikuwa asilimia 65 dhidi ya asilimia 38.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Afisa anayemtembelea mtu mara nane kwa mwezi ataona makosa mengi kuliko anayemwona mara moja, na asipokuwa na jibu jingine ila kumrudisha mahakamani, programu iliyoanzishwa kupunguza wafungwa itawaongeza. Katika Kaunti ya Marion, Oregon, wakosaji waliopewa nafasi ya kuchagua kati ya uangalizi mkali na gereza walikuwemo waliolichagua gereza, wakiona kwamba kifungo kifupi chenye tarehe ya mwisho ni chepesi kuliko miezi mingi ya kuandamwa.

Hata hivyo tathmini ileile ilikuwa na upande wa matumaini. Waliopata ushauri, matibabu, kazi na mpango wa kuwalipa waliowakosea, pamoja na ufuatiliaji huo, walikamatwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 10 hadi 20, na tafiti zilizofuata zimeendelea kuonyesha kwamba uangalizi mkali ulioambatana na matibabu husaidia, lakini ule wa kuchunguza peke yake hausaidii. Kaunti inayoletewa bajeti ya maafisa, magari na vifaa vya kupima mkojo bila hata mstari mmoja wa fedha za matibabu inapaswa kuikataa.

HOPE: adhabu ndogo, ya haraka na ya hakika

Mwaka 2004 jaji Steven Alm wa Honolulu, Hawaii, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, alichoshwa na utaratibu ambao mkosaji alivunja masharti mara kumi bila kitu, kisha mara ya kumi na moja akafungwa miaka. Alianzisha programu iliyoitwa HOPE, yaani “tumaini”, na kuwaonya wote walio chini yake kwamba kuanzia siku ile kila ukiukaji, hata wa kukosa miadi mmoja, ungeadhibiwa mara moja kwa siku chache jelani, na baada ya hapo mtu angeendelea na maisha yake. Utafiti wa watu 493 waliogawanywa kwa kura, uliochapishwa mwaka 2009, ulileta habari za kushangaza. Baada ya mwaka mmoja uwezekano wa kukamatwa kwa kosa jipya ulikuwa umepungua kwa asilimia 55, wa kutumia dawa za kulevya kwa asilimia 72, na wa kufutiwa uangalizi na kupelekwa gerezani kwa asilimia 53.

Kaunti nyingi ziliiga. Serikali ya shirikisho, kwa busara, iliamua kulijaribu wazo hilo kabla ya kulieneza, ikachagua kaunti nne zisizofanana: Saline ya Arkansas, Essex ya Massachusetts, Clackamas ya Oregon na Tarrant ya Texas. Wakosaji zaidi ya 1,500 waligawanywa kwa kura, na programu ilitekelezwa kwa uaminifu mkubwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, hapakuwa na tofauti ya maana katika kukamatwa tena kati ya walioingizwa na wale wa uangalizi wa kawaida.

Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Wengine husema Honolulu ilikuwa na uangalizi wa kawaida ulio dhaifu mno, hivyo chochote kilichoongezwa kingeonekana kizuri; wengine husema aliyebadilisha watu ni jaji mwenyewe, kwa namna alivyosema nao na kuwaonyesha kwamba anawatakia mema. Naona sababu zote mbili zina uzito. Kwa mwenye kuchagua, funzo la vitendo ni kwamba matokeo ya kaunti moja, hata yakiwa ya utafiti bora, ni ahadi ambayo haijathibitika mpaka kaunti nyingine iyapate. Na kaunti ambayo kesi huahirishwa kwa wiki nyingi haina uwezo wa kuadhibu kwa haraka. Ikiiga jina la HOPE itakachopata ni siku za jela tu, bila ile haraka wala uhakika uliozipa maana.

Mahakama za dawa za kulevya

Mahakama ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa katika Kaunti ya Dade, Florida, mjini Miami, mwaka 1989, wakati kokeini ya kuvuta ilipokuwa imejaza jela, na leo nchi nzima ina zaidi ya 3,000. Badala ya kuonana na jaji siku ya hukumu tu, mshtakiwa hufika mbele yake kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mmoja au zaidi. Jaji huzungumza naye, husikia kutoka kwa mtaalamu wa matibabu, humpongeza au humwadhibu, na anayefuzu mara nyingi hufutiwa shtaka au kifungo.

Ushahidi wake ndio mpana kuliko wa programu nyingine zote hapa. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tathmini 154 ulionyesha kwamba kwa watu wazima kiwango cha kurudia makosa hushuka kwa wastani kutoka asilimia 50 hadi asilimia 38. Punguzo hilo ni kubwa, na halitokani na Miami peke yake bali na kaunti nyingi zilizopimwa na watu mbalimbali.

Lakini wanaosifia mara nyingi huishia hapo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013 uliuliza kama mahakama hizi hupunguza matumizi ya jela na magereza, na jibu lilikuwa kwamba hupunguza idadi ya wanaofungwa, ila jumla ya muda unaotumikiwa gerezani haipungui kwa kiwango cha maana. Anayeshindwa, baada ya kuhangaika miezi kumi na nane na kulala jela siku kadhaa kwa kila kosa la njiani, huhukumiwa kifungo kirefu ambacho kinafuta akiba iliyopatikana kwa waliofuzu. Kuna pia desturi ya kuchagua watu wepesi. Ili asilimia ya waliofuzu ionekane nzuri, baadhi ya kaunti huwakataa wenye rekodi ndefu, huingiza vijana waliokamatwa na bangi kidogo, na kuwapa mwaka mzima wa matibabu wasiyoyahitaji. Kwa miaka mingi zilikuwepo pia mahakama zilizowakataza washiriki dawa kama methadoni, ambazo kwa mtu aliyezoea heroini huokoa maisha. Kaunti yenye mahakama ya namna hiyo haistahili sifa hata ikiwa na sherehe nzuri za mahafali.

Ninapoipendekeza mahakama ya dawa za kulevya, basi, ni kwa sharti kwamba iwapokee wenye uraibu wa kweli na rekodi ya kurudia, imwachie daktari uamuzi wa dawa, na ihakikishe kwamba anayeshindwa hapewi adhabu kubwa kuliko ile ambayo angepewa kama asingejaribu.

Bangili ya mguuni

Jaji Jack Love wa Albuquerque, New Mexico, ndiye aliyewahukumu watu wa kwanza kuvaa kifaa hiki cha kielektroniki cha kumfuatilia mtu mwaka 1983. Leo hutumika kwa waliohukumiwa na pia kwa mahabusu wanaosubiri kesi. Utafiti mkubwa wa Florida uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba kifaa hicho hupunguza hatari ya mtu kushindwa katika uangalizi kwa asilimia 31, na hilo si jambo dogo. Watafiti haohao walipowahoji waliokivaa, wengi walisema kiliwaathiri kazini na katika familia: mlio wa kifaa katikati ya kazi, mwajiri anayeshtuka kukiona, ruhusa ya kutoka inayoombwa siku kadhaa kabla. Kuna kaunti zinazomtoza anayekivaa ada ya kila siku, na asiyeweza kulipa huanza kuhesabiwa kuwa mkaidi.

Hapa tena swali la awali ndilo linaloamua. Bangili inayovaliwa na mtu ambaye vinginevyo angekuwa ndani ya seli ni afadhali kubwa, kwa sababu hulala kwake na huwaona watoto wake. Bangili inayovaliwa na mtu ambaye jana angerudi nyumbani kwa ahadi ya kufika mahakamani ni kifungo kipya. Kaunti ikinunua vifaa mia tano na jela yake ikabaki na idadi ileile ya watu, jibu limeshapatikana.

Madhara kwa wasio hatari

Tathmini iliyofanywa Ohio na kutolewa mwaka 2002 ilifuatilia watu 13,221 kuhusiana na nyumba za mpito na vituo vya kurekebisha tabia vilivyoendeshwa katika jamii. Iligundua kwamba vituo vingi viliwasaidia waliokuwa na hatari kubwa ya kurudia makosa, na vilevile vingi viliwaharibu waliokuwa na hatari ndogo. Kijana aliyekuwa na kazi, mke na marafiki wema alitolewa katika yote hayo akachanganywa na wazoefu, na alipotoka kazi ilikuwa imekwenda na marafiki walikuwa wapya. Kwa hiyo programu ileile ni nzuri kwa mmoja na mbaya kwa mwingine, na kaunti isiyowapima watu kabla ya kuwapangia inacheza na maisha yao. 

Linafuata suala la ukiukaji wa masharti. Ripoti ya mwaka 2019 ya Baraza la Serikali za Majimbo ilionyesha kwamba asilimia 45 ya wanaoingia magereza ya majimbo huletwa na ukiukaji wa masharti ya uangalizi, na karibu robo ya wote wanaoingia huletwa na ukiukaji usio kosa la jinai, kama kukosa miadi au kushindwa kipimo cha mkojo. Kabla ya kuanzisha programu mpya kaunti ingefaa ihesabu masharti inayowawekea watu wake wa uangalizi wa kawaida. Kuyapunguza, na kufupisha muda wa uangalizi kwa anayekwenda vizuri, hakugharimu chochote.

Kuhusu gharama, wauzaji wa programu hupenda kuchukua gharama ya wastani ya mfungwa kwa siku na kuizidisha kwa idadi ya walioingizwa. Hesabu hiyo inadanganya. Watu kumi wakitolewa katika jela ya watu mia sita, askari hawapungui wala taa hazizimwi; kinachookolewa ni chakula na dawa zao. Akiba ya kweli huja pale idadi inaposhuka kiasi cha kufunga jengo zima au kuahirisha ujenzi wa jipya, na kaunti inayotarajia kufadhili matibabu kwa akiba hiyo ijue itasubiri.

Kwa asiye raia

Msemaji wa Kiswahili aliyefika Marekani kwa viza, ukimbizi au kadi ya ukaazi ana jambo ambalo jirani yake raia hana, na jambo hilo linaweza kubadilisha uchaguzi wote. Mahakama nyingi za dawa za kulevya humtaka mshtakiwa kwanza akiri kosa, kisha humwahidi kwamba akifuzu shtaka litafutwa. Kwa sheria ya jimbo limefutwa kweli. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, kukiri kosa kukiambatana na adhabu au zuio lolote juu ya uhuru wa mtu kunahesabiwa kuwa kutiwa hatiani, hata kama baadaye jimbo limefuta kila kitu, na hatia ya dawa za kulevya humweka mtu katika hatari ya kuondoshwa nchini, isipokuwa kosa moja la kupatikana na gramu 30 au pungufu za bangi kwa matumizi yake mwenyewe.

Kwa mtu huyu programu inayoanza kabla ya kukiri ni salama zaidi kuliko inayoanza baada yake, hata kama ya kwanza ni ndefu na ngumu, na wakati mwingine siku chache za jela kwa kosa la aina nyingine ni afadhali kuliko mwaka wa matibabu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuhusu hatari hiyo. Familia ina haki ya kumuuliza wakili swali hilo waziwazi, na kudai mkalimani wa Kiswahili, kabla ndugu yao hajasema neno mbele ya jaji.

Kenya na Tanzania zinaweza kuchukua nini

Kenya ina kaunti 47 tangu Katiba ya 2010, lakini mahakama, magereza na maafisa wa probesheni ni wa serikali ya kitaifa, hivyo mifano ya Marekani haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kuitumia kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, au kwa kosa kubwa zaidi ikiwa yeye mwenyewe ameona kifungo kinachofaa hakizidi miaka mitatu. Wigo huo ni mpana, na kwa makosa madogo sioni sababu ya kutafuta kitu kigeni kabla ya kuutumia kikamilifu.

Kaunti za Kenya hata hivyo zinashikilia jambo moja ambalo bila hilo programu nyingi hapo juu hazifanyi kazi, nalo ni afya. Zahanati na hospitali nyingi ziko chini yao. Mkosaji anayehukumiwa kufagia zahanati kwa kweli anafanya kazi katika kituo cha kaunti akisimamiwa na afisa wa serikali ya kitaifa, na mraibu wa heroini wa Mombasa au Kilifi anayehitaji methadoni ataitafuta katika kituo cha afya cha kaunti. Kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo mahakimu, polisi, maafisa wa probesheni na wananchi huketi pamoja, ni mahali panapofaa kufunga makubaliano kuhusu vituo vya kazi na nafasi za matibabu.

Tanzania, yenye sheria yake ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 na maafisa wa probesheni walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, inaweza kuanza hata bila bajeti mpya. Katika ripoti ambayo afisa humwandikia hakimu kabla ya hukumu, iongezwe sehemu ya hakimu kuandika adhabu ambayo angeitoa kama huduma kwa jamii isingekuwepo, na adhabu inapokwisha, afisa ajaze kama ilimalizika, ilivunjwa kwa kosa jipya, au ilivunjwa kwa sharti tu. Mambo hayo mawili yakikusanywa kwa miaka miwili katika mkoa mmoja, yatatosha kuonyesha ni wangapi waliookolewa wasiende jela na ni wangapi waliopelekwa huko kwa mzunguko mrefu zaidi.